Kukimbia njia za mawe Mwanza ukiwa mtu wa kuyumba

Mwangaluka! Samahani kwa huo upepo, tuko Luchelele kando ya ziwa na tunarekodi kwa simu tu. Mdogo wangu ndiye mpiga picha. Leo nawaonyesha jinsi ya kuanza kukimbia kwenye njia za miguu, zile za mawe na mizizi, kama balansi yako ni ya mashaka kama yangu.

Mimi sikio la ndani upande wa kushoto liliharibiwa na virusi. Mwili unajua umesimama wima kwa kutegemea vitu vitatu: masikio ya ndani, macho, na hisia za nyayo na viungo. Kimoja kikilegea, viwili vinabeba mzigo wake. Kwa hiyo kila ninachofanya leo ni kuyasaidia macho na nyayo, basi.

Ila kama kizunguzungu kimekuanza juzi, au kimekuja pamoja na kuona vitu viwiliviwili, mdomo kupinda au sikio kuziba ghafla, zima video uende hospitali sasa hivi.

Tuanze nyumbani. Simama peku karibu na ukuta, mguu mmoja mbele ya mwingine, kisigino kiguse vidole. Mimi nilijiwekea sekunde 10 bila kushika ukuta. Zikikushinda, wiki hizi tembea tu kwenye njia hizi, kukimbia kutakuja. Zikikaa sawa, rudia juu ya godoro, na mtu awe pembeni. Hapo ndipo utajua unayategemea macho kiasi gani. Mimi siku ya kwanza nilikumbatia kabati.

Raba. Zangu hizi ni mitumba ya soko la Mlango Mmoja. Angalieni soli: ina meno, na siyo nene. Zile raba za sponji nene ni tamu barabarani, lakini kwetu ni kama kukimbia juu ya lile godoro, mguu hausikii ardhi. Zikunje kwa mikono, kisha bonyeza kisigino kwa kidole gumba. Kikididimia sana, mrudishie muuzaji.

Muda ni asubuhi, jua likishachomoza vizuri. Sasa hivi ni saa moja na nusu. Jioni siji, na sababu ni hii: upande huu ziwa liko magharibi, kwa hiyo jua la jioni linapiga kwenye maji na kukurudia usoni. Halafu giza linaingia haraka, na mtu wa kuyumba akinyang'anywa macho amebakiwa na nyayo tu.

Hatua ya kwanza njiani: usikimbie. Tembea njia nzima, kwenda na kurudi. Mnaona jiwe hili? Jabali kavu la Mwanza halitelezi, linakwaruza kama msasa. Adui ni hizi changarawe zilizomwagika juu yake, zinabiringika chini ya mguu. Na kule karibu na maji, lile jiwe lenye ukijani, hata likionekana kavu, mimi silikanyagi.

Sasa tunakimbia. Hatua fupifupi, za haraka, mguu utue chini ya kiwiliwili na siyo mbele. Mikono ipanue kidogo kama kuku anayetaka kuruka. Ndiyo, watu watacheka. Macho yatangulie hatua tatu au nne mbele. Ukiangalia vidole vyako utachelewa kila jiwe. Na maji usiyatazame! Tukielekea kusini hivi ziwa liko kulia, mawimbi yanatembea, na macho yakiyafuata yanaanza kuamini wewe ndiye unayetembea kando. Ukitaka kuona ziwa, simama ulione, zuri kweli.

Mdogo wangu anakimbia kushoto kwangu kwa sababu ndiko ninakoegemea. Hanishiki. Yupo tu, nikiyumba kiwiko changu kinamkuta.

Na hapa niseme jambo ambalo sikulisikia popote, nimelijua kwa magoti yangu. Huku kwetu hupiti mtu bila salamu. Mama anaanika dagaa pale, anakuita, "Pole na mazoezi!" Wewe kwa heshima unageuza shingo huku miguu inaendelea, na kichwa kikigeuka ghafla sikio bovu linapotea njia. Nilianguka mbele ya mama mmoja hivyohivyo, na kijana wa bodaboda akasema nimelewa asubuhi yote hii. Siku hizi nasimama kabisa, nageuka mwili mzima, "Shikamoo mama," naitikiwa, ndipo naanza upya. Hata kugeuza kurudi ni hivyo: simama, geuka, tulia, nenda.

Mteremko wa majabali sikimbii. Nauteremka kiubavu, mkono kwenye jiwe, na panapotisha nakaa chini nateleza kwa makalio. Suruali inaisha, mifupa inabaki.

Ukichubuka, osha kwa maji safi ya chupa uliyobeba. Usiingie ziwani kuosha kidonda wala tope. Kichocho kipo, hasa kwenye maji yaliyotulia yenye majani.

Kiasi cha siku ya kwanza: kimbia dakika 1, tembea 2, mara sita. Jumla dakika 18. Utajiona mzima, utataka kuongeza. Usiongeze, kwa sababu uchovu unafika kwenye vifundo vya miguu kabla hujausikia kifuani, na mimi kuanguka kwangu kwingi ni kwenye ile "raundi moja tu ya mwisho."

Ya sita hiyo imeisha. Leta maji, mdogo wangu, tukae hapa kwenye jiwe mpaka dunia itulie, ndipo tutafute daladala.