Kina cha Ghuba Huenda na Saa

Mabibi na mabwana, chombo kinapokwama katika ghuba yenye maji machache, mara nyingi nahodha huwa hakukosea njia, amekosea saa. Ramani ya bahari huonyesha kina kinachosalia maji yakiwa yamepwa karibu na kiwango cha chini kabisa, nasi huongeza juu yake kimo cha maji cha saa ile. Fungu la mchanga lililoandikwa mita 0.8, kimo cha maji kikiwa mita 1.6, lina mita 2.4, chombo ambacho mkuku wake, yaani uti wa chini kabisa wa chombo, unazama mita 1.5 hupita na kubakiwa na sentimita 90. Sentimita hizo si zote za kutegemea, kwa kuwa kila bonde la wimbi hukishusha chombo, na mgandamizo mkubwa wa hewa huyashusha maji takriban sentimita 1 kwa kila hektopaskali inayozidi wastani.

Tena, maji hayapwi kwa mwendo mmoja. Pale yanapochukua takriban saa 6, mabaharia huyakadiria kwa sehemu 12: saa ya kwanza huondoka sehemu 1, ya pili 2, ya tatu na ya nne 3 kila moja, kisha 2, kisha 1. Ikiwa tofauti ya kujaa na kupwa ni mita 2.4, saa ya tatu peke yake huondoa sentimita 60, na aliyechelewa kung'oa nanga hupwelewa pale pale. Siku za bamvua, yaani za mwezi mpevu na mwezi mwandamo, tofauti hiyo huwa kubwa zaidi.

Ndiyo maana nawasihi muingie maji yakijaa. Ukigusa mchanga wakati huo, tua tanga usubiri; maji yenyewe yatakuinua. Ukigusa maji yakipwa, una dakika chache tu: legeza demani, ile kamba ya kuongozea tanga, na kama chombo kina mkuku mmoja wa katikati, wapeleke watu ubavu mmoja ili kilale na kuzama kwake kupungue, kisha rudi kwa njia uliyojia, ambayo umekwisha kujua kina chake.

Jua likiwa mgongoni, mafungu huonekana kwa rangi hafifu ya maji. Likiwa usoni, mng'ao huyaficha. Hapo mtu asimame omoni, mbele ya chombo, na bildi, kamba yenye risasi ya kupimia kina, atupe, ataje kina kwa sauti, na mwendo upunguzwe mpaka sauti yake imfikie mshika usukani kabla ya mkuku kufika.