Pikapu Mpya, Kabini Isiyohimili

Mwenyekiti, mafundi, madereva, na nyinyi wafanyabiashara mliokaa kule nyuma: wengi wenu hapa Mombasa mmeshanisikia nikilisema hili: upya wa gari si usalama wake. Nalisema tena kwa sababu watu bado wananunua pikapu kwa kutazama rangi na ukubwa wa injini.

Shirika la Global NCAP hugongesha magari makusudi ili kupima usalama wake. Mwaka 2018 lilipima pikapu ya Nissan NP300 Hardbody iliyokuwa ikiuzwa Afrika Kusini, kwa mwendo wa kilomita 64 kwa saa. Gari lilikuwa na mifuko miwili ya hewa. Kwa watu wazima lilipata nyota sufuri. Mifuko ilifumuka, lakini kabini yenyewe haikuhimili, na mfuko wa hewa hausaidii kitu ikiwa nafasi ya kukaa mtu imetoweka.

Halafu likaja jaribio la 2020, na hili naomba mlisikilize vizuri. Walichukua Hardbody mpya kabisa ya 2019, wakaigonganisha uso kwa uso na pikapu ya Nissan Navara ya 2015 iliyokwisha kutumika Ulaya. Mtengenezaji yule yule. Moja kuukuu, moja ya dukani. Wapimaji wakasema dereva wa ile kuukuu huenda angeshuka na kwenda zake kwa miguu. Dereva wa ile mpya, ya Mwafrika, huenda angekufa. Aliyelipia gari jipya ndiye anayezikwa!

Najua kuna mtu atasema: mwalimu, hayo ni magari mawili tofauti, huwezi kuyalinganisha. Ni tofauti kweli, na ndicho ninacholalamikia. Hardbody ni muundo wa 1997. Mitambo ya kukandamiza mabati yake ililipiwa zamani, na kubuni kabini mpya ni gharama. Ulaya, kwenye sheria kali na wanunuzi wanaosoma matokeo ya majaribio, gharama hiyo iliingiwa. Kwetu hakuna aliyewabana, basi muundo ule ule ukaendelea kuuzwa miaka zaidi ya 20.

Mwingine ataniambia chuma cha zamani kilikuwa kigumu, magari ya siku hizi ni makopo. Hapana, hapana! Mbele ya gari panatakiwa pajikunje ili nguvu ya kishindo iishie huko. Kisichotakiwa kujikunja ni chumba cha watu. Ukiona boneti imesagika na milango bado inafunguka, gari hilo limefanya kazi yake.

Na sheria yetu Kenya? Gari lililotumika likizidi miaka minane haliingii. Hicho ni kipimo cha umri! Navara ile ya 2015 leo tungeizuia bandarini kwa uzee wake, na Hardbody ya kiwandani tungeipokea kwa mikono miwili. Sisemi tufungulie kila mkweche. Nasema mwaka wa kutengenezwa hauwezi kutuambia kama dereva atapona.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nilitaka kusema mengi kuhusu chesisi, ile fremu ya chuma inayobeba gari, na kutu yake, na sisi wa pwani tunaijua chumvi. Kwa ufupi: Marekani, Toyota Tacoma na Tundra ziliuzwa na chesisi zisizokingwa vya kutosha dhidi ya kutu, nyingine zikaoza mpaka kutoboka. Mwaka 2016 Toyota ikakubali mapatano yaliyokadiriwa kufikia dola bilioni 3.4. Fundi, kabla mteja hajalipia pikapu, ingia chini na nyundo, uigonge chesisi.

Halafu Takata, kampuni iliyotengeneza mifuko ya hewa. Mifuko yao ilifumuliwa kwa amoniamu nitreti, kemikali ya bei nafuu inayoharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi, hadi mfuko unapofumuka kasha la kemikali hiyo linapasuka na kurusha vipande vya chuma. Januari 2018 Ford iliwaambia wenye Ranger 2,900 hivi za 2006 huko Amerika Kaskazini waache kabisa kuziendesha. Joto na unyevu, jamani! Hiyo si hali ya hewa ya hapa hapa? Anayeingiza gari lililotumika aichunguze namba ya chesisi kama liliwahi kuitwa na mtengenezaji lirekebishwe, na kama kasha lilibadilishwa.

Ninachokidai kwa shirika letu la viwango ni kimoja. Kila pikapu inayouzwa ibandikwe nyota zake za jaribio la kugongana kando ya bei. Ambayo haijapimwa, iandikwe kwa herufi kubwa kwamba haijapimwa.