Kobe wa maji: filta kwanza, shimo baadaye

Haya jamani, wa nyuma sogeeni, viti vipo huku mbele. Nashukuru mmekuja. Wengi hapa mnanijua na mnajua ntasema nini, lakini ntasema tena, maana wiki hii nimepigiwa simu na watu wawili tofauti, wote hapahapa Houston, kila mmoja amechimba shimo, ametandika turubai la mpira, amejaza maji ya bomba na kumtia kobe jioni ileile, halafu ananiuliza kwa nini maji yananuka.

Kabla sijaendelea, tuelewane kwenye jina. Mimi mtu wa Tanga, kwetu kasa ni wa baharini. Hawa tunaowazungumzia ni kobe wa maji baridi, wale wenye alama nyekundu nyuma ya jicho, ambao asili yao ni hukuhuku, bonde la Mississippi mpaka Texas. Kwa hiyo hali ya hewa ya hapa anaiweza. Asichokiweza ni maji yako.

Sikilizeni. Kobe anakula humohumo majini na anajisaidia humohumo. Uchafu ule unatoa amonia, ile inayochoma pua chooni. Kuna bakteria wanaoila amonia wanaigeuza nitriti, ambayo nayo ni sumu, halafu wapo wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitrati, hiyo ina nafuu, mimea inaitumia na inayobaki unaipunguza kwa kubadilisha maji. Sasa hao bakteria wengi wao hawaelei tu kwenye maji, wanaishi wameganda kwenye vitu, kwenye sponji, kwenye mawe yenye vitundu, na mpaka watoshe kazi inachukua kama wiki 4 mpaka 6. Wiki! Wewe umemtia kobe siku ya kwanza.

Ntawaambia yaliyonikuta. Nina jike langu naliita Bi Mkubwa, gamba lake sasa hivi sentimita 26. Mwaka ule bwawa lilikuwa limekaa vizuri, Julai joto limepanda nikaona maji yanaanza kuwa ya kijani, nikafungua filta nikakuta sponji limekuwa la kahawia, lina utelezi kama bamia. Mimi nimelelewa na bibi aliyekuwa anasugua sufuria kwa mchanga mpaka ujione usoni, basi nikalichukua lile sponji mpaka kwenye bomba, nikakamua, nikakamua, mpaka likarudi rangi yake ya dukani. Nikarudisha, nikaingia ndani kulala na roho nyeupe.

Siku ya tatu Bi Mkubwa hali chakula. Amepanda juu ya gogo lake tangu asubuhi hashuki, na yeye kawaida ukisogea hatua mbili tu unasikia chubwi, ameshazama. Siku hiyo nimemsogelea mpaka nikamgusa gamba, hakuondoka. Maji yamekuwa kama yametiwa maziwa. Nikachukua kichupa cha kupimia, nikatia yale matone, ile rangi inayotakiwa ibaki njano ikageuka kijani kibichi mbele ya macho yangu. Amonia. Ule utelezi nilioukamua ndio waliokuwa wale bakteria wenyewe, na waliobaki nimewaua na maji ya bomba, maana maji ya bomba yana dawa ya kuua vijidudu, kazi yake ndiyo hiyo. Nikahangaika karibu mwezi mzima, kila baada ya siku moja natoa robo ya maji naweka mengine, napima, naandika kwenye daftari, na yule mnyama ananitazama kutoka kwenye gogo. Niliumia sana.

Najua kuna mtu anasema, si unalaza maji kwenye ndoo usiku kucha dawa inaruka? Klorini inaruka, ndiyo. Lakini miji mingi ya Marekani siku hizi inatumia kloramini, yaani klorini iliyochanganywa na amonia, na hiyo hairuki kwa kulazwa, unahitaji dawa ya kuiondoa, iko duka lolote la samaki. Na sponji likamue ndani ya ndoo ya maji ya bwawa lenyewe, kidogo tu, liweze kupitisha maji basi.

Mwingine ataniambia mtoni hakuna filta. Mtoni kuna mkondo, ndugu yangu, na maji yasiyo na hesabu. Wewe una shimo. Na usiniambie wako ni mdogo. Tangu 1975 sheria ya Marekani inakataza kuuza kobe ambaye gamba lake halijafika inchi 4, kwa sababu watoto walikuwa wanawabusu na kuwatia mdomoni wanapata salmonela, bakteria wa kuharisha, na bado minadani wanauzwa wa ukubwa wa sarafu. Jike anaweza kufika karibu sentimita 30 na kuishi miaka 30. Na mikono mnawe kwa sabuni kila mkimshika, tafadhali.

Kwa hiyo anza na filta. Pipa la plastiki la lita 200, sponji juu, mawe ya volkano chini, pampu inayoweza kuzungusha maji yote ya bwawa mara moja kwa saa. Liache lizunguke, pima mpaka amonia na nitriti zote zisome 0, ndipo umlete kobe.

Muda unaniishia, haya mengine haraka. Turubai: bwawa la mita 2 kwa 1.5, kina sentimita 75, unahitaji mita 4.1 kwa 3.6, yaani urefu jumlisha kina mara mbili jumlisha sentimita 60 za pembeni, upana hivyohivyo. Kina msikipunguze. Februari 2021 umeme ulipokatika Texas na kila kitu kikaganda, pampu yangu ilikufa, juu barafu, Bi Mkubwa akalala chini kule na akaamka. Barafu usiigonge na nyundo, weka sufuria ya maji moto juu yake mpaka itoboke hewa ipite. Maji yakishuka chini ya nyuzi 15 za Selsiasi acha kulisha, tumbo halisagi. Gogo la kuota jua ni lazima, bila jua gamba linalainika. Uzio uuzamishe ardhini sentimita 30, jike anachimba kutaga hata kama hana dume, na rakuni, wale wanyama wa huku wenye uso kama wamevaa barakoa, wanakuja usiku kumla kobe miguu.

Gugu maji msiweke, lile lile lililotutesa Ziwa Victoria, hapa Texas limepigwa marufuku. Na ukichoka naye usimwachie mtoni, mtafutie mtu. Ulaya walizuia kuingiza hawa mwaka 1997 kwa sababu hiyo hiyo, watu kuwaachia mitoni.

Pipa langu la zamani nimelileta, liko kwenye gari hapo nje na sponji lake bado lina uhai. Anayeanza bwawa aje na mfuko, ntamkatia kipande, ila kifike nyumbani kikiwa kimelowa.