Unalia Nini? Sijui

Habari za jioni, ndugu zangu. Asanteni kwa kuja, hasa nyinyi wa viti vya mbele, maana kwenye mada kama hii watu hupenda kukaa karibu na mlango. (Kicheko.)

Nianze na lugha yetu yenyewe. Mtu akilia mbele yetu, mara nyingi tunamwuliza, "Unalia nini?" Kana kwamba kila kilio lazima kiwe na kitu chake: huyu analia njaa, yule analia msiba. Asiye na hicho kitu hana la kujibu. Anasema "sijui", na aliyeuliza anaona amefichwa jambo. Lakini neno hilohilo tunalitumia pengine kwa namna nyingine kabisa. Kengele inalia. Simu inalia. Hapo hakuna anayeiuliza simu inalia nini. Tunainuka kutazama nani kapiga. Kilio kisicho na sababu nataka tukitazame kwa namna hiyo ya pili.

Jicho lina machozi ya aina tatu. Yapo yanayolilowesha muda wote lisikauke. Yapo yanayotoka kwa moshi na vumbi. Ya tatu ni ya hisia, na kwa tunavyojua hadi sasa, binadamu peke yake ndiye anayeyamwaga. Wanyama hulalama, huita, huhangaika, ila machozi ya huzuni hayawatoki. Haya ya tatu hutoka kwenye tezi ndogo iliyojificha juu ya jicho, upande wa nje, na amri ya kuifungulia hutoka kwenye ubongo. Mengine ya anatomia yasahauni, hilo la amri mlishike. Kitu chochote kinachougusa ubongo, iwe huzuni, usingizi, homoni, dawa au ugonjwa, kinaweza kulegeza bomba.

Aliwahi kunijia mtu mzima, mwenye kazi yake na watoto wake. Alikaa, akaweka mkoba magotini, akasema, "Sina shida yoyote. Ila nalia." Analia akifunga vifungo vya shati. Analia akisubiri maji yachemke. Siku moja alilia kwa sababu kalamu imeisha wino. Nyumbani walishamwuliza kwa nini mpaka wakachoka, naye akaanza kujitungia sababu ili waridhike: kichwa kinaniuma, bosi kanisema vibaya.

Sikumwuliza kwa nini. Nilimpa daftari, nikamwambia kila siku aandike mambo manne: amelia saa ngapi, amelala na kuamka saa ngapi, amemeza dawa gani, na hedhi ikianza, siku hiyo aiwekee alama. Basi. Baada ya wiki mbili akalileta. Saa za kulia zilikuwa zimetawanyika ovyo, huoni mpango wowote. Lakini kwenye safu ya usingizi, karibu kila siku aliamka saa tisa usiku na hakulala tena. Na pembeni, bila mtu kumwomba, alikuwa ameandika "sijala" mara nane. Kilio ndicho kilichomleta, lakini kilikuwa kidogo kuliko vyote vilivyokuwa humo ndani. Ilikuwa sonona.

Sonona tunaishuku hali ya moyo mzito, au ya kutofurahia tena yale uliyoyapenda, inapodumu wiki mbili au zaidi, karibu kila siku, sehemu kubwa ya siku. Kisha huja na wenzake: usingizi kuharibika, hamu ya chakula kupotea au kuzidi, uchovu usioondoka kwa kupumzika, akili kutotulia, kujiona huna thamani, kuwaza kifo. Shirika la Afya Duniani limewahi kukadiria wanaoishi nayo kuwa watu wapatao milioni 280, kwa hiyo ukiipata hujapatwa na kioja. Na tusiipime kwa ndoo ya machozi. Wapo ambao sonona imewakalia hata kulia hawawezi. Wanatamani, donge limekaa kooni, jicho kavu. Hao mimi hunitia wasiwasi zaidi, maana nyumbani husifiwa kwamba wamejikaza.

Sasa si kila anayelia ovyo ana sonona, na hapa naomba tusikimbilie kupeana majina ya magonjwa. Kukosa usingizi peke yake kunatosha. Wiki moja ya kupata saa nne tu za usingizi kila usiku, hata mtu mgumu machozi yatamlengalenga kwa neno dogo. Tezi ya thairoidi, iliyo mbele ya shingo, ikifanya kazi kupita kiasi au chini ya kiasi hubadili hisia, na kipimo chake ni damu tu. Zipo dawa pia: za jamii ya steroidi, zile za kutuliza uvimbe mwilini, baadhi ya dawa za kifafa, na kwa baadhi ya wanawake, vidonge vya uzazi wa mpango. Kuacha ghafla dawa za sonona nako huleta vilio vya kushtukiza. Usiziache kwa sababu umesikia nafuu. Mwulize aliyekuandikia akupunguzie polepole. Wapo wanaolia siku chache kabla ya hedhi, ikianza wanatulia, mwezi ujao tena. Huyo daftari litamwumbua ndani ya miezi miwili.

Kuhusu waliojifungua nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo nasikia maneno mabaya kuliko popote. "Umepewa mtoto mzima, unalia nini?" Homoni zilizokuwa juu kwa miezi tisa huporomoka ndani ya siku chache. Wengi, zaidi ya nusu ya wanaojifungua, huwa wepesi wa machozi kuanzia siku ya pili au ya tatu, na hali hiyo huisha yenyewe ndani ya wiki mbili hivi. Wanachohitaji ni usingizi na mikono ya kuwasaidia. Ikivuka wiki mbili, au ikija baadaye, au mama akiwa hajisikii chochote kwa mtoto, hiyo inaweza kuwa sonona ya baada ya kujifungua, na inatibika. Akianza kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au kuamini mambo ya ajabu kuhusu mtoto, usimwache peke yake hata dakika moja. Anapelekwa hospitali saa hiyohiyo.

Tena kuna kilio kisicho na huzuni kabisa. Mzee mmoja baada ya kupata kiharusi alikuwa akilia kila anaposalimiwa. "Shikamoo" tu, uso unajikunja, anaangua kilio cha kwikwi, na baada ya dakika moja kimekatika. Watoto wake waliamini anawaza kufa, wakaacha kumsalimia ili wasimwumize. Nilimwuliza: wakati ule moyoni kuna nini? Akajibu kwa taabu, neno kwa neno, "Hakuna kitu. Ni uso tu." Alisema kweli. Ubongo ulioumia kwa kiharusi, kwa jeraha la kichwa au kwa maradhi mengine ya neva unaweza kupoteza breki ya kilio, na kwa wengine hata ya kicheko. Ipo dawa ya kupunguza hali hiyo. Lakini kwa mzee yule dawa ya kwanza ilikuwa watoto kurudi kumsalimia.

Watu huniuliza, si kulia kunaleta nafuu? Uholanzi waliwahi kuchunguza watu waliotazama filamu za huzuni, matokeo yakatoka mwaka 2015. Waliolia, mara tu baada ya filamu walijisikia vibaya zaidi. Dakika 20 baadaye walikuwa wamerudi walipokuwa. Dakika 90 baadaye walijisikia vizuri kuliko kabla ya kuanza. Kwa hiyo nafuu ipo, ila huja kwa kuchelewa, na hao walikuwa watu wanaolilia filamu. Ukilia leo, kesho, keshokutwa, na hiyo nafuu haifiki, usiendelee kuisubiri.

Uende lini, basi? Ukiona kilio kimevuka wiki mbili, au kinakuzuia kazini na kwenye malezi, au umeanza kukwepa watu wasikuone, wiki hii ndiyo ya kwenda. Anza na daktari wa kawaida, mwili upimwe kwanza, kisha mnasihi au mwanasaikolojia. Aliyefiwa na anayemlilia mpendwa wake hatumwekei saa; tunamwangalia zaidi ikiwa miezi mingi imepita na maisha yamesimama palepale. Lakini ukiwaza kujiua, au kujiona mzigo ambao ni heri usiwepo, hiyo si ya wiki hii, ni ya leo: mwambie mtu aliye karibu, akupeleke hospitali. Na kilio kikija ghafla pamoja na mdomo kwenda upande, mkono kulegea au maneno kuvurugika, hapo hatuzungumzii hisia tena. Ni dharura ya ubongo.

Nimeona mkono pale. Ndiyo, dada.

(Swali: Mimi nikifika mbele ya daktari nitaanza kulia kabla sijasema lolote. Nitafanyaje?)

Wengi hufanya hivyo, na daktari aliyezoea hashtuki. Kwa hiyo usitegemee mdomo. Kabla hujatoka nyumbani chukua karatasi, andika mistari mitatu: ilianza lini, inatokea mara ngapi kwa siku, na nini kingine kimebadilika, usingizi, chakula, dawa, hedhi. Ukiwa na wazo la kujiua, liandike liwe mstari wa kwanza kabisa, juu ya hiyo mitatu. Ukiingia, mpe. Halafu lia, yeye asome.

Na wewe kaka uliyekaa pembeni yake, nimekuona unataka kumpa leso. Mpe tu.