Panda sasa, nyuki wale Februari: krokasi kwenye chungu

Haya jamani, karibuni tena. Baridi ni kali, pua inachuruzika, lakini kazi hii ni ya Oktoba na Novemba, haina kungoja. Leo tunapanda krokasi, yale maua madogo yanayochanua huku Uingereza Februari na Machi, bustani nyingi zikiwa bado zimelala.

Mgeni tunayemwandalia ni malkia wa nyuki-bambi, yaani bumblebee. Mnaonitazama kutoka Afrika Mashariki huyu hamna huko. Ni mnene, ana manyoya mwili mzima, anavuma kama bodaboda mbovu. Kundi lake lote lilikufa kabla ya baridi. Yeye kabaki peke yake, kalala chini ya udongo. Akiamka anataka mbochi, ule utamu wa ndani ya ua, apate nguvu ya kuruka, na chavua ili mayai yakomae na apate cha kulisha watoto. Asipokuta ua lolote, kundi jipya halianzi.

Vitunguu vyenyewe ndivyo hivi, si vya kupikia, ni vya krokasi, ua linachipuka humo. Bonyeza: kigumu, chukua, kinabonyea au kina ukungu, tupa. Mimi nawapenda hawa wa zambarau hafifu, *Crocus tommasinianus*, kwa sababu wanawahi. Na dukani msidanganywe na maua yenye petali zilizojazana. Yanapendeza kweli, ila stameni, zile sehemu zinazotoa chavua, zimegeuka petali, nyuki anaambulia patupu. Mkinunua na dafodili, ua jingine la majira haya ya kuchipua, vitunguu vyake visikae jikoni, vina sumu!

Chungu chenye matundu chini, udongo, changarawe kidogo maji yasituame. Hayo mnayajua, twende.

Panga vitunguu, ncha juu, upande bapa chini. Juu yake udongo wa sentimita 8 hivi. Kwenye chungu vinaweza kukaribiana, ila visigusane. Mimi sipangi kwa mstari, navimwaga tu na kuvigeuza pale vilipoangukia. Mistari waachieni wanajeshi.

Sasa hapa, simameni. Msiipeleke video mbele. Huu ni wavu wa kuku, na bila huu mnamlimia kindi. Kindi wa kijivu asili yake ni Amerika Kaskazini, aliletwa hapa karne ya 19. Mhamiaji kama mimi, ila yeye halipi kodi. Akiona udongo umetoka kuchimbwa, anafukua. Kata wavu mpana kuliko mdomo wa chungu, kisha kingo zote zikunje ziingie ndani, zishuke kando ya ukuta wa chungu. Ndani! Ukiulaza juu tu kama kitambaa cha meza, anaunyanyua pembeni na kuingiza mkono. Vaeni glavu, waya unachana. Ona, hapa kona imechomoza...

Ah! Simu imeanguka. Upepo huu. Mnaniona? Haya.

Nilikuwa kwenye kona hii. Irudishe ndani, sukuma kwa kidole gumba mpaka usiione. Zungusha chungu, kagua kingo zote tena. Nasema tena, zote. Halafu funika kwa udongo kidogo. Majani ni membamba, yatapenya kwenye matundu ya wavu bila shida.

Maji, mara moja. Mengine mvua ya huku itamaliza.

Chungu kiweke panapopigwa na jua la mchana. Hili si la urembo: krokasi hujifunga kukiwa na baridi au mawingu, na ua lililojifunga ni duka lililofungwa. Jua likipiga linafunguka, unaona ile chavua ya rangi ya machungwa, na malkia akitoka mle miguu imepakaa. Hapo ndipo mimi nasahau chai yangu mezani.

Maua yakishanyauka, msiyakate majani. Najua yanakaa ovyo, majirani watasema. Acheni mpaka yawe manjano yenyewe, maana ndiyo yanayokijaza kitunguu chakula cha mwaka unaofuata.

Kuna aliyeuliza kuhusu snodropu, yale maua madogo meupe. Kitunguu chake kikikauka dukani mara nyingi hakioti, kwa hiyo mimi nanunua ikiwa na majani, ikishamaliza kuchanua. Nikiipata nitawaonyesha. Na mwenye roshani tu, chungu kimoja kinatosha kuanzia. Mwenye uwanja, ongezeni na mti wa wilo (willow), nyuki wanaugombania Machi.

Chaji imebaki asilimia 3. Nyie, kingo ndani! Kwahe—