Uraia wa Italia kwa njia ya babu: mazungumzo na vijana wa Malindi

Haya, karibuni, waliosimama mlangoni ingieni viti vipo. Mi leo sikuja kuuza ndoto, na mtu akikwambia mpe pesa atakutolea pasipoti nyekundu kwa miezi mitatu, huyo mkimbie.

Kitu cha kwanza. Watu husema "naomba uraia wa Italia". Kwa uraia wa damu huombi, unathibitisha. Sheria yao, tangu ile ya 1912 hadi ya 1992, ilisema mtoto wa Mwitaliano ni Mwitaliano tangu anazaliwa, awe kazaliwa Roma au hapa Ngomeni kwenye mitambo ya San Marco, ile ya Waitaliano ya kurushia roketi. Kazi yako ni kuonyesha mnyororo, huyu kamzaa huyu, huyu kamzaa yule, na hakuna pete iliyokatika hapo katikati. Ndo maana Mbrazili au Muargentina ambaye hajui hata kusalimia kwa Kitaliano alikuwa anarudi nyuma mpaka kwa babu wa babu yake, bora tu huyo mzee awe alikuwa hai Italia ilipoundwa 1861 na hakuchukua uraia wa nchi nyingine kabla mtoto hajazaliwa. Kwa mama mambo yalikuwa magumu zaidi, maana mama alihesabika kupitisha uraia kwa watoto waliozaliwa kuanzia tarehe 1 Januari 1948 tu, wa kabla ya hapo mpaka mahakamani.

Sasa wajua ilikuwaje, vijiji vidogo kule Veneto, kaskazini mwa Italia, vikajaa maombi kutoka Brazili, karani mmoja ndo huyo huyo anaandikisha vifo, ndoa, na anatafuta vitabu vya 1870. Raia walioandikwa kuishi nje wakapanda kutoka milioni 4.6 hadi 6.4 ndani ya miaka 10. Serikali ikachoka. Tarehe 28 Machi 2025 ikatoa amri ya haraka, Mei bunge likaifanya sheria namba 74, na aliyekuwa hajafikisha maombi yake hadi saa 23:59 usiku wa tarehe 27 Machi, saa za Roma, akaingia kwenye kanuni mpya. Usiku mmoja tu jamani! Watu walikuwa wameshalipia vyeti, tafsiri, mihuri, kila kitu.

Kanuni mpya, kwa aliyezaliwa nje na ana uraia mwingine, ni kwamba mzazi wako au babu au bibi yako awe ana uraia wa Italia peke yake, au alikufa nao peke yake. Au mzazi wako awe aliishi Italia miaka 2 mfululizo, akiwa tayari raia, kabla we hujazaliwa. Hebu tuhesabu kwa vidole. Baba yako kakulia Bergamo kule Italia, kaja Malindi, kakuzaa na mama Mgiriama. Uko salama. We una pasipoti mbili, Kenya inaruhusu tangu katiba ya 2010 (ndugu zetu wa Tanzania kwao mtu mzima haruhusiwi, wajihadhari). Mtoto wako akizaliwa hapa atashika babu yake. Lakini mjukuu wako? Babu yake ni wewe, na wewe unazo mbili. Basi, mnyororo umekatika hapo, ila kama mtoto wako atakuwa ameenda kuishi kule miaka ile miwili.

Lakini kwa uzoefu wangu wengi hapa hawakwami kwa sheria mpya, wanakwama kwa karatasi. Nilikaa na kijana mmoja, cheti chake cha kuzaliwa baba ameandikwa "Gianni", kumbe kwenye rejista ya kwao ni Giovanni Battista. Gianni ni jina la kuitana baa! Ofisi moja ilimrudisha mara nne. Na hata jina likiwa sawa, mama kulitaja kwa msajili si sawa na baba mwenyewe kukukiri. Wakiwa hawakuoana, kukiri ndo kila kitu, na ifanyike ukiwa hujafika miaka 18 ndo uraia uje wenyewe.

Naona mkono pale nyuma. Ehe dada, sema... Anauliza baba alishafariki na hakuwahi kumkiri. Pole sana. Mlango haujafungwa, kesi ya kuthibitisha baba mtoto anaweza kuifungua wakati wowote wa maisha yake, hata dhidi ya warithi, na DNA inakubalika. Ila ukishakuwa mtu mzima hukumu pekee haikupi uraia, inabidi utoe tamko kwamba unauchagua, na tamko lina muda wake, kwa hiyo siku ya hukumu ndo siku ya kuanza kukimbia. Picha zake unazo? Barua? Chochote chenye tarehe? Njoo nacho tukimaliza hapa, tukitazame pamoja.