Jaguar, Le Mans na Maji Yasiyofika kwenye Rejeta

Ndugu zangu, ikitajwa Jaguar kwenye kikao cha wapenda magari watu hukimbilia vikombe vya Le Mans, zile mbio za magari za saa 24 kule Ufaransa: 1951, 1953, 1955, 1956, 1957. Vitano vya miaka ya hamsini. Mnavijua, nami navijua, tusilishane maneno. Mimi naomba mwaka ambao hakuna anayeuchapisha kwenye fulana: 1952. Mwaka huo C-type tatu za kiwanda, yaani Jaguar za mashindano, ziliingia, zote tatu zikachemsha, zote tatu zikatoka. Anayetaka kujua kwa nini Jaguar ya zamani humwacha mtu kando ya barabara, aanzie hapo.

Mwezi Mei, kwenye mbio za barabarani za Mille Miglia kule Italia, dereva wa Jaguar Stirling Moss aliiona kasi ya Mercedes 300 SL, akapeleka habari kiwandani Coventry, Uingereza, kwamba C-type inahitaji mbio zaidi. Kiwanda kikaingiwa na hofu. Zimebaki wiki chache, wakachonga bodi mpya yenye pua ndefu iliyoinama ili ikate upepo. Pua ikishuka, mfumo wa maji wa zamani hauenei. Basi tangi la juu la maji likahamishiwa nyuma, mbali na rejeta, vikaunganishwa kwa mabomba membamba.

Lawama ilipelekwa kwa pua: hewa haiingii! Baadaye dereva wa majaribio, Norman Dewis, alilipima gari bila haraka, na mkosaji mkubwa hakuwa pua. Puli ya pampu ya maji ilikuwa ndogo mno. Puli ndogo huizungusha pampu kwa kasi isiyostahili. Nyuma ya mapanga yake shinikizo huanguka, maji yanageuka mapovu ya mvuke, na pampu inabaki kupiga mapovu. Mabomba nayo yalikuwa ya inchi 7/8, kama milimita 22. Walipoweka puli kubwa na mabomba ya inchi 1¼, ambayo eneo la mdomo wake ni takriban mara mbili, gari likatulia. Injini ni ile ile. Kilichokosekana ni njia ya maji.

Na hata huo 1951 mnaoushangilia, magari mawili kati ya matatu yalikufa kwa sababu bomba la shaba la oili, ndani kabisa, lilikatika kwa mtetemo. Dawa yake? Bomba la chuma. Madereva Walker na Whitehead walishinda na lile la tatu, ambalo bomba lake halikukatika.

Nasikia mtu anaguna: hayo ni ya mashindano, mimi nina E-type, Jaguar ya barabarani, ya lita 3.8 nyumbani. Sawa. Fungua kifuniko cha themostati, ile vali inayofunguka kwa joto ili maji yaende kwenye rejeta. Injini hii ina njia ya mkato: ikiwa baridi, maji huzunguka kutoka kwenye hedi (kichwa cha injini) na kurudi kwenye pampu bila kupita kwenye rejeta. Themostati yake halisi ina sketi, yaani mviringo wa bati unaotembea pamoja na vali. Injini ikipata moto, sketi huziba njia ya mkato na maji yote hulazimika kupita kwenye rejeta. Sasa fundi anakuletea themostati ya kawaida kwa kuwa kipenyo kimelingana. Inafunguka vizuri, lakini njia ya mkato haizibwi kamwe. Sehemu ya maji moto inarudi ndani kama ilivyotoka. Mwenye gari anabadili rejeta, anafunga feni mbili, bado linachemsha, kisha anasema Waingereza hawajui kutengeneza magari!

Na kuna wale wa “nchi zetu ni za joto, ng’oa kabisa.” Jamani! Ukiing’oa umeiacha njia ya mkato wazi asubuhi hadi jioni. Itie themostati kwenye sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, washa jiko, tazama: ikifika karibu na joto lililogongwa juu yake lazima vali ifunguke na sketi isogee. Isiposogea, itupe.

Kisha fungua koki ya kumwagia maji ubavuni mwa bloku. Isipotoa kitu, usifurahi kwamba haivuji. Ni tope la kutu, na hujaa zaidi kwenye silinda za nyuma. Chokoa kwa waya; likigoma, toa vizibo vya bloku usukume maji kwa mpira wa bomba kwa ndani. Na msiniambie kulanti, ile dawa ya kuchanganya na maji ya rejeta, ni ya nchi za baridi. Bloku ni chuma, hedi ni aluminiamu. Ukiweka maji matupu, aluminiamu inaliwa hadi kingo za gasketi. Kulanti ibadilishe kila miaka miwili.

Naona mwenyekiti ananionyesha saa, kwa hiyo umeme upesi. Mnaitukana bure Lucas, kampuni iliyotengeneza vifaa vya umeme vya magari haya. Injini imekalia raba, isiyopitisha umeme, kwa hiyo umeme wa stata hutegemea mkanda wa ethi, ule waya mnene unaounganisha injini na bodi. Weka mita ya volti, ncha moja kwenye injini, nyingine kwenye nguzo ya ethi ya betri, mtu apige stata. Ikizidi nusu volti, safisha au badili mkanda kabla ya kununua stata mpya.

Breki za nyuma: kwenye E-type diski zimebanwa kwenye difu (sanduku la gia katikati ya ekseli ya nyuma), si kwenye magurudumu. Joto lake huikausha sili, oili ya difu inadondokea diski. Ukiona pedi zimelowa usibadili pedi peke yake. Shusha fremu nzima ya ekseli, weka sili mpya, na ukiwa humo badili diski, pedi na hozi zote, maana kuishusha mara ya pili ni kazi ya siku nzima.